Komeo la Shangazi Nukta

Kuna watu wakikudharau unakonda, na kuna watu wakikudharau unanenepa, kwa sababu wanakudharau kwa ufundi. Shangazi Nukta alikuwa wa kundi la pili. Sisi majirani zake tulikuwa tunampelekea hata habari tusizoziamini, tukae tu tumwone anavyozikunjua, anazikagua na kuzitupa.

Jina la Nukta alilipata kazini. Alikuwa mpiga chapa. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumaliza nyuma ya taipureta, kwenye chumba cha mbele cha ofisi moja kubwa, chenye kabati la chuma, dirisha lisilofunguka, na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha mbao. Mabosi walikuja na kuondoka. Kila mmoja alisimama mbele yake, mikono nyuma, tumbo mbele, akatoa maneno. "Tumejipanga kikamilifu." Yeye anapiga. "Mchakato uko katika hatua za mwisho." Anapiga, huku akijua kuwa mchakato wenyewe haujatungwa hata mimba. Muuza nyama hashtuki akiona damu, na mpiga chapa hashtuki akisikia hotuba.

Basi akawa anarudi nyumbani na kazi mdomoni. Akiongea, anaweka na alama. "Siendi, mkato, wala usinisubiri, nukta." Ubishi ukizidi anasema, "Nukta. Aya mpya," na hapo hata kama ulikuwa na hoja, ujue mmeshahama.

Hakujaliwa mtoto wa tumboni. Kaka yake alipofariki alimchukua mtoto wa kaka, akamlea, akamsomesha, mpaka akaajiriwa kwenye kampuni ya kusambaza maji na kuoa. Shangazi alipostaafu alihamia kwa kijana wake huyo, akapewa chumba cha nyuma kinachotazamana na bafu. Walipendana kwa namna yao.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Shati limekunjamana, nukta."

Sasa nifikie lile komeo.

Asubuhi moja Shangazi aliteleza bafuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kijana aliita, akagonga, akaita tena, mwisho akatia bega. Mlango ukaachia. Akamkuta shangazi yake sakafuni, kama alivyozaliwa, povu la sabuni mgongoni. Akageuza uso ukutani, akamtupia taulo kwa kupapasa, akamwita mkewe. Nyonga ilikuwa imeteguka tu, haikuvunjika. Shangazi akapona, akabaki na mkongojo. Lakini jioni ileile kijana alichukua bisibisi, akaling'oa lile komeo, akalitia kwenye droo ya sebuleni, pamoja na betri zilizokufa na funguo zisizojulikana ni za wapi.

Hakusema neno. Shangazi naye hakuuliza. Angeulizaje? Huyu ni mtoto aliyemwogesha mwenyewe, akamkausha masikio kwa ncha ya kitambaa. Leo mtoto huyo amemwona yeye. Mazungumzo ya namna hiyo hayana pa kuanzia.

Lakini bafu lisilo na komeo si bafu, ni njia ya watu. Shangazi akawa anaoga huku mguu mmoja umezuia mlango, na mguu wenyewe ni ule mbovu. Siku moja mkwe aliingia kuchukua ndoo, akatoka mbio, "Samahani mama, samahani." Shangazi akaanza kungoja mpaka nyumba iwe tupu ndipo aoge. Akaacha chai ya asubuhi, asije akahitaji kwenda huko wakati watu wapo. Midomo ikampauka. Alichokitaka duniani kilikuwa kipande cha chuma urefu wa kidole, na ulimi ule uliokuwa unaweza kumvua nguo mkurugenzi bila kumgusa ulishindwa kukiomba. Kulitaja komeo ni kuitaja ile asubuhi.

Mambo yakiwa hivyo, kampuni ikampeleka kijana mafunzoni.

Alirudi na mkoba wa kitambaa, kalamu za rangi, na beji kifuani iliyoandikwa MWEZESHAJI. Hakuivua hata wakati wa kula. Mtaa ukamwita hivyo hivyo, na yeye akadhani ni heshima.

"Shangazi," alianza mezani, "zamani watu walikuwa wanaanza na kitu. Sisi tunaanza na mtu. Hatua ya kwanza, unamwelewa mtu. Ya pili, unalitaja tatizo lake kwa jina. Ya tatu, mnamwaga mawazo, hata ya kijinga, na hakuna kukosoa."

"Hakuna kukosoa?"

"Hakuna kabisa."

"Basi mimi nimeshafeli. Endelea."

"Ya nne, unatengeneza mfano wa haraka haraka, hata wa boksi. Ya tano, mwenyewe anaujaribu. Ukimshinda, kosa ni lako, unarudi mwanzo. Yaani kwa kifupi, mtu ndiye anakaa katikati. Mkufunzi wetu anaita Ubunifu wa Mtu Kati."

Shangazi aliweka kijiko chini taratibu.

"Mtu kati?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Baba yangu, hebu kumbuka ulipokuwa unacheza huko nje. Mtu kati alikuwa nani?"

Mwezeshaji alitafuna, akafikiri. Mkewe akaanza kucheka kabla yake, maana hata watoto wadogo wanajua. Mtu kati ni yule mliyemzunguka. Mnapasiana mpira juu ya kichwa chake, anakimbia huku na huku kama kuku aliyeona kisu, haupati. Na ukubwani ni mbaya zaidi: wahuni wakimweka mtu kati, hatoki na saa.

"Aliyewapa hilo neno," Shangazi alisema, "ama alipigwa sana utotoni, ama alipiga. Na huyo wenu wa kuwekwa kati ni nani?"

Kijana akaangalia sahani. "Kila kundi limeambiwa litafute mlengwa. Nimewaambia wenzangu... ni wewe. Wewe na bafu."

"Mlengwa," Shangazi alilirudia neno kama anayetema mbegu. "Mnanilenga na nini? Manati?"

"Shangazi, nisipowasilisha kazi sipati cheti."

Mkwe alinihadithia kwamba hapo Shangazi aliutazama mlango wa bafu. Mimi nadhani najua kilichompita kichwani. Kama watu wazima hawa wamefundishwa, kwa gharama za kampuni, kukaa chini na kumwuliza mtu shida yake, basi si wataifikia? Watalitaja wenyewe lile komeo, na yeye atasema tu "ehe". Akachukua tena kijiko.

"Nimekulea na kamasi zako, nitashindwa kukuvumilia na cheti? Waje."

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa bwana mwenye suruali fupi isiyofika kwenye kifundo cha mguu, amebeba mabunda ya vikaratasi vya kunata vya njano na waridi. Shangazi hakuuliza jina lake, alimwita Bwana Vibandiko. Wa pili alikuwa binti wa kupiga picha za ripoti, naye akawa Dada Kamera. Waliburuta viti, wakamzunguka. Mwezeshaji akakaa wa mwisho, karibu na dirisha.

"Bibi," Bwana Vibandiko alianza, kwa ile sauti ya polepole watu wanayotumia kwa wazee na wagonjwa, "unapooga, unajisikiaje?"

"Nimelowa."

Akaandika. Wallahi aliandika.

"Na kwa nini unajisikia umelowa?" Maana walifundishwa kuuliza kwa nini, halafu kwa nini tena, kama mtoto wa miaka mitatu, wakiamini mwisho wa kwa nini kuna hazina.

"Kwa sababu ya maji."

"Na kwa nini maji?"

"Muulize mwanangu hapo. Kampuni yake ndiyo inayaleta, siku ikijisikia."

Dada Kamera alicheka, kamera ikatikisika. Bwana Vibandiko hakucheka. Alibandika ukutani: KULOWA. Akaongeza HOFU, akaongeza UPWEKE, akaongeza UTELEZI. Ukuta wa Shangazi ukageuka kama ngozi ya mwenye tetekuwanga.

Nimtendee haki Shangazi: alijaribu. Kwa mtu wa hulka yake ilikuwa sawa na kupiga magoti. Alisema, akiangalia mkongojo wake, "Hata mlango nao una maneno yake."

Pale dirishani Mwezeshaji alikuwa na kikaratasi mkononi, na kalamu, na alijua. Hakuhitaji hatua ya kwanza wala ya pili. Komeo alilitia kwenye droo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kuliandika lile neno kulimaanisha Dada Kamera aulize kwa nini, na Bwana Vibandiko aulize kwa nini tena, mpaka wafike kwenye lile povu la sabuni. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Bwana Vibandiko akaandika MLANGO: MANENO? akaibandika chini kabisa, pembeni, penye kichwa cha MENGINEYO.

Basi wakamwaga mawazo. Wapenzi wangu, mawazo yakimwagwa bila kukosolewa hayatofautiani na maji machafu, yanaelekea penye mteremko. Kengele ya kamba. Taa inayobadilika rangi. Kiti cha magurudumu cha kuogea. Zulia bafuni. Halafu Bwana Vibandiko akasimama, macho yanang'aa.

"Jamani, kikwazo ni nini hapa? Ni mlango! Bibi akianguka, mlango unachelewesha msaada. Tuuondoe kabisa, tuweke pazia."

Wakapiga makofi. Shangazi alikuwa pale pale, katikati yao. Aliangalia mchoro: bafu, ndoo, kibibi kimechorwa kama uma, na mbele yake pazia lenye maua. Kisha akamwangalia kijana wake. Kijana akapiga makofi pia, polepole, kama mtu anayeua mbu asiyetaka kumuua.

Shangazi hakusema kitu. Hata nukta hakusema. Waliondoka wakiamini amekubali. Mkwe alipopita jioni alimkuta anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa binti wa mama mdogo. Ana nyumba mbovu, mkato, mume mlevi, mkato, lakini choo chake kina mlango. Mtoto wangu akishapata cheti naondoka. Usimwambie, atalia mbele za watu, na sura yake ya kulia naijua."

Siku ya kujaribu mfano, Mkufunzi mwenyewe alifika. Alikuwa mtu mnene mwenye kucheka na kila mtu, viatu vyeupe, anayepiga makofi kabla ya kuongea kana kwamba anafukuza kuku. Mlango wa bafu ulikuwa umeshang'olewa na kuegemezwa kwenye korido. Mahali pake ilining'inia shuka yenye maua, imepitishwa kwenye kamba.

Shangazi alikaa kitini kwake, mlangoni mwa chumba, mkongojo magotini. Sanduku lilikuwa nyuma yake, limefungwa.

"Kabla ya mlengwa kujaribu," Mkufunzi alisema, "mbunifu ajaribu yeye. Avae viatu vya mlengwa!"

Maneno hayo, hata kwa kuyasikia tu, unajua yametoka safari ndefu na hayajaoga. Shangazi akatazama chini. "Viatu vyangu? Mguu wake hauingii."

"Ni namna ya kusema, Bibi. Ajisikie kama wewe."

Wakamfunga Mwezeshaji magoti kwa kipande cha kitambaa ili atembee kizee. Wakampa miwani iliyopakwa mafuta ili asione vizuri, japokuwa Shangazi alikuwa anaona sindano iliyoanguka nyumba ya tatu. Wakamwambia aingie aoge. Kuoga kweli, si kuigiza, Mkufunzi alisisitiza, kwani ukweli ndio unaofundisha. Kijana akaingia nyuma ya shuka. Tukasikia, maana nami nilikuwa nimepewa kiti miongoni mwa mashuhuda, nguo zinavuliwa, ndoo inakwaruza, maji yanamwagika, sabuni inaponyoka.

"Unajisikiaje?" Bwana Vibandiko alipaza sauti, kalamu tayari.

"Vizuri," ilijibu sauti yenye povu.

Kisha akataka kusimama. Magoti yamefungwa, macho yana mafuta, sakafu ina sabuni. Mkono ukatafuta cha kushika. Mlango ungekuwepo angeshika mlango. Alishika shuka.

Kamba ikakatika.

Sina haja ya kueleza sana. Mbele yetu alikuwa ofisa wa kampuni ya maji, amechuchumaa, hana hata beji. Walikuwepo Mkufunzi, Bwana Vibandiko, mke wa kijana, mimi, na Dada Kamera ambaye kidole chake kilishabonyeza kabla akili haijamzuia.

"Fungeni mlango!" Mwezeshaji alipiga ukelele. "Fungeni mlango jamani!"

Wote tukageuka kuutafuta mlango. Ulikuwa umeegemea ukuta wa korido, umepumzika.

"Sasa hivi unajisi..." Bwana Vibandiko alianza.

"TOKA!"

Aliyefanya jambo la maana alikuwa mmoja tu. Shangazi Nukta aliugeuza uso wake ukutani, akauelekeza kule kabisa, akachukua taulo kwenye mgongo wa kiti chake, akalitundika kwenye ncha ya mkongojo, akaunyoosha kwa kupapasa mpaka ukamfikia. Kijana alilipokea. Akauona ule uso uliogeukia ukuta, akabaki ameushika mkongojo, hauachii.

"Andika," Shangazi alimwambia Bwana Vibandiko, bado anatazama ukuta. "Amelowa. Nukta."

Kijana alipotoka amevaa, hakwenda kwa Mkufunzi. Alikwenda sebuleni. Tukasikia droo inavutwa, betri zinagongana. Akarudi na lile komeo kwenye kiganja, akachuchumaa mbele ya kiti cha Shangazi, na watu wote wakiwa wanamtazama alisema kile alichokuwa hajakisema.

"Nisamehe, Shangazi. Sikuling'oa kwa dharau. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Uliogopa mara moja ukang'oa komeo. Umeogopa mara ya pili ukang'oa mlango. Mara ya tatu ungeng'oa ukuta, na mimi ningeoga barabarani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza? Umekuja na watu, umekuja na rangi, umekuja na mtu mwenye suruali isiyomfika. Ungekuja peke yako ukasema, Shangazi, ile siku. Basi. Ningemalizia mimi."

Mkufunzi alipiga makofi mawili, akataka kusema kwamba hii ndiyo hasa hatua ya kwanza. Mkewe Mwezeshaji alimtazama. Akayarudisha makofi mfukoni.

"Lakini Shangazi," kijana alisema, "nikilirudisha, ukianguka tena ndani? Nitajuaje?"

Hapo hata mimi niliona kwamba hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Nyonga haiteguki mara moja tu maishani. Shangazi naye hakuipuuza. Alilichukua lile komeo, akaligeuza geuza.

"Wewe umekaa na mimi maisha yako yote. Umewahi kunisikia nimenyamaza?"

"Hapana... Siku ile tu. Nilikuita hukujibu."

"Basi. Nikiwa bafuni nitasema. Ukinisikia nasema, niko hai na nimesimama. Nikinyamaza, leta bega lako."

Seremala alikuja kesho yake akaurudisha mlango, akaugeuza ufungukie nje ili mtu akianguka asiuzibe, na komeo akalifunga kwa skrubu fupi zitakazoachia zikivutwa kwa nguvu. Shangazi alilifunga na kulifungua, akasikiliza mlio wake. Kisha akaingia chumbani na kuanza kutoa nguo kwenye sanduku. Mchana huo alikunywa chai vikombe viwili mfululizo, mbele za watu.

Kundi lilipata cheti. Kwenye ripoti yao waliandika kwamba wamebuni Mfumo wa Tahadhari kwa Sauti ya Mlengwa. Picha ya Dada Kamera haikuwekwa, ila nasikia kampuni nzima imeiona.

Na Shangazi? Ukipita ukutani kwetu asubuhi utamsikia. Alisikiliza maneno ya mabosi miaka na miaka, akiyapiga chapa mdomo umefumbwa. Sasa anaoga na kuwajibu, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, walio hai na waliokufa.

"Barua! Kwa Mkurugenzi Mstaafu, mkato, popote alipojificha. Yahusu: tumbo lako. Mheshimiwa, mkato, ulisema mchakato uko hatua za mwisho, nukta. Nimechungulia dirishani leo asubuhi, mkato, bado sijauona unapita..."

Maji yanamwagika, sabuni inagonga sahani yake, na kijana yuko mezani na chai, sikio limeelekea bafuni, anacheka kwa pua. Nasi majirani tumeacha redio.

Juzi alikuwa anamwandikia Mkufunzi. Alifika kwenye "wewe bwana wa viatu vyeupe, mkato, akili yako ni kama..." akakatika. Kimya. Maji hayasikiki. Mimi nikasimama upande wangu wa ukuta. Nikasikia kiti cha kijana kinaanguka, miguu inakimbia koridoni, pumzi zinahema mbele ya mlango.

"Shangazi! Shangazi!"

"Tulia, natafuta neno," ilijibu sauti ya ndani. "Kila ninalolipata ni zuri mno kwake. Kanywe chai yako. Aya mpya."